Julai, Ngong Road na jiko la mahindi

Auntie yangu alikuwa amehamia nyumba mpya, akaniambia nimchoree misimu ya Nairobi aweke sebuleni, ju alikuwa anaona watu YouTube wakichora theluji na majani mekundu akasema na sisi si tuko na misimu yetu. Oktoba ilikuwa rahisi, jakaranda zimechanua mji mzima, hata ukiharibu watu watajua ni nini (na mti wenyewe si wa kwetu hata, ulitoka Amerika Kusini). Aprili mvua, Januari jua na nyasi kavu. Ikabaki Julai, na Julai ndio nilikuwa naitaka, ju ukimwambia mtu wa nje vile Nairobi huwa na baridi hakuamini.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikaenda Ngong Road pande za Racecourse, nimebeba bodi, karatasi ya gramu 300, brashi na maji kwa chupa ya soda. Nilikuwa nimepanga kuchora Milima ya Ngong. Ile milima ina vilele vinne na siku hiyo hakukuonekana hata kimoja, wingu limekaa chini kabisa, lile la Julai ambalo upepo wa kusi unalileta ukipanda huku juu halafu linatufunika mpaka mchana. Nikasema sawa, nitachora wingu.

Kwa rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe, kwa hivyo ukungu unauchora kwa kuuacha. Nikalowesha karatasi yote, nikachanganya altramarini (bluu nzito) na bant siena (kahawia ya wekundu) mpaka ikatoa kijivu, nikapitisha juu nikaacha ishuke yenyewe. Hapo baridi ilinisaidia, ju Januari ingekauka kabla hata sijageuza brashi, lakini Julai rangi inatambaa polepole, punje za altramarini zinazama kwa vishimo vya karatasi na kijivu kinatoka na chengachenga fulani, mimi huwa nazipenda sana.

Shida ni ile mikaratusi iliyokuwa hapo mbele. Hiyo inataka ukingo mkali, yaani karatasi iwe imekauka kabisa, na nikangoja, nikangoja, kila nikigusa na mgongo wa mkono bado ni baridi, na karatasi ikiwa baridi jua maji bado iko ndani.

Mama aliyekuwa anachoma mahindi hapo kando alikuwa ananiangalia tu. "Msichana, si ulete hapa kwa jiko?"

Niliogopa cheche, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikaenda. Akasukuma mahindi upande mmoja, akaacha kupepea ndio majivu yasiruke, tukashika bodi yeye huku mimi kule, juu kidogo ya makaa, tukiizungusha. Kastoma akakuja akauliza hiyo ni pesa ngapi. Mama akamjibu, "Hiyo bado haijaiva."

Ikakauka. Kijivu kilipauka, hizi rangi hufifia zikikauka, ndio maana nilikuwa nimeipaka nzito. Nikapiga mikaratusi mitatu hapo mbele, kingo zikatoka safi kabisa. Mama akainama akaangalia.

"Na mlima?"

"Uko nyuma ya wingu, mama."

"Eeh, uko," akasema, akaniuzia hindi la pilipili na ndimu, na bei hakunipunguzia hata shilingi.

Auntie aliitundika juu ya TV. Wageni wake wote wanasema ni Limuru, kule nje ya Nairobi kwa baridi na ukungu.