Majina ya magonjwa yaliyotoka vinywani mwa wagonjwa

Chikungunya, jina la homa inayoenezwa na mbu, si neno la Kiswahili, ingawa makala nyingi za kitabibu zimeandika hivyo kwa miaka mingi. Ni neno la Kimakonde. Kiambishi chi- cha Kimakonde hufanya kazi ileile ya ki- yetu, nacho kimeungana na kitenzi kungunyala, yaani kujikunja au kupindana, hivyo jina zima humaanisha kile kinachomkunja mtu. Atakayemwona mgonjwa akiinuka kitandani kwa tabu, mgongo umepinda na vifundo vya mikono na miguu vimevimba, hatahitaji tafsiri.

Ugonjwa huo ulizuka mwaka 1952 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ukaendelea hadi 1953. Watafiti wawili, Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, waliuelezea katika makala zilizochapishwa mwaka 1955, Robinson akishughulikia dalili na Lumsden akishughulikia namna ulivyoenea. Uwanda ule ulikuwa na shida kubwa ya maji, watu wakiteremka mabondeni kuyateka na kisha kuyahifadhi majumbani, na mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwa raha kabisa katika vyombo vya maji ya namna hiyo. Ninachowasifia watafiti hao ni kwamba hawakuuita ugonjwa ule homa ya Newala, kwa jina la wilaya ya huko, jambo ambalo lingekuwa rahisi kwao, bali waliliacha jina walilolikuta kwa wenyeji. Mwaka 2004 ugonjwa uliibuka Lamu, ukafika Mombasa, ukavuka bahari hadi Komoro na kisha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya wakazi waliugua kati ya 2005 na 2006. Jina la Kimakonde lilisafiri nao bila kubadilishwa hata herufi.

Ndugu yake wa karibu ni o'nyong'nyong, jina la Waacholi wa kaskazini mwa Uganda linaloelezea kulegea na kuvunjika kwa viungo. Homa hiyo ilijitokeza mwaka 1959, na ndani ya miaka mitatu hivi ilikuwa imewapata watu wapatao milioni mbili Afrika Mashariki. Tofauti na chikungunya, huenezwa na mbu aina ya anofelesi, walewale wa malaria.

Kiswahili chenyewe kina dai lake, nalo linahusu dengue. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika mwaka 1872 kuhusu homa iliyoikumba Unguja mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, yaani mshtuko wa ghafla unaokakamaza mwili na kuaminiwa kuwa umeletwa na pepo. Kutokana na hapo ikajengwa hoja kwamba neno dinga, likiwa la zamani kuliko mlipuko huo wa Unguja, lilivuka bahari mpaka visiwa vya Karibi, ambako mlipuko wa mwaka 1827 ulifanana sana na huo, na kwamba masikio ya Kihispania yaliligeuza kuwa dengue, neno ambalo tayari walikuwa nalo kwa maana ya madaha na maringo. Watumwa wa huko nao waliipa homa hiyo jina la Kiingereza la mtu maridadi, kwa kuwa mgonjwa hutembea amejikaza kama mwenye kujiona. Kwangu mimi hoja hii inavutia, lakini haijathibitishwa, na wapo wanaoona kwamba Kihispania peke yake kinatosha.

Kuna kinachonoga zaidi. Mwaka 1971 mtafiti aitwaye Carey alizipitia upya dalili zilizoandikwa Zanzibar, hasa maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu baada ya homa kuisha, akapendekeza kwamba kidinga pepo huenda ilikuwa chikungunya. Ikiwa ndivyo, basi Kiswahili kilitoa jina kwa ugonjwa mmoja na likaenda kuvaliwa na mwingine. Huku nyumbani kamusi zetu zinaiita dengue kidingapopo: pepo amegeuka popo, mnyama ambaye hana hatia yoyote katika shauri hili.

Wapo wanaodhani kwamba jina lenye pepo ndani yake hurudisha watu kwa waganga. Sikubaliani nao moja kwa moja. Wajawazito wetu huchanjwa pepopunda kliniki bila kumtafuta pepo wala punda. Jina linaloumiza ni lile linalomtafuta mkosaji. Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaica, alipokuwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alichukua kutoka lugha ya Waga wa huko neno kwashiorkor, ambalo sisi tunalitamka kwashakoo, akalitumia katika makala ya mwaka 1935. Ni ugonjwa unaompata mtoto aliyepokonywa nafasi yake baada ya mdogo wake kuzaliwa, yaani aliyeachishwa ziwa mapema na kulishwa uji usio na protini ya kutosha. Chanzo kimetajwa humo humo, na hakuna aliyetukanwa. Sasa linganisha na kubemenda kwetu. Mtoto akidhoofika, miguu ikalegea na tumbo likajaa, jirani husema amebemendwa, na maana yake ni kwamba wazazi hawakujizuia wakati wa kunyonyesha. Mama anayelisikia neno hilo huona aibu kumpeleka mtoto mbele za watu, na siku zinapita mtoto akiwa ndani.

Majina ya mahali nayo yana lawama ya aina yake. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa msituni karibu na Entebbe, na msitu huo sasa unabeba sifa ya ugonjwa. Mwaka 1976 watafiti waliochagua jina la mto Ebola walifanya hivyo makusudi ili kijiji cha Yambuku, ambako wagonjwa walikuwa, kisinyanyapaliwe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuepuka majina ya mahali, watu na wanyama katika magonjwa mapya. Naukubali, ila majina yaliyofuata yametoka kwenye kamati: UVIKO-19 yetu ni kifupisho cha Ugonjwa wa Virusi vya Korona na mwaka wake, na hakuna herufi hata moja ndani yake inayosema mgonjwa anasikia nini.