Karatasi Iliyofuta Kapo

"Papa, ni kweli radi inafuata urani?"

Kitinda mimba aliniuliza hivyo juzi barazani, mawingu yakijikusanya upande wa Kipushi. Shuleni wamefika kwenye Shinkolobwe, ule mgodi wa urani wa Katanga. Nilimwambia asubiri kwanza, maana nilikuwa nimeanza kuisikia tena ile kaunta: tik, tik-tik, tik.

Ilikuwa kwenye depo ya magunia ya madini. Tulipima heterojeniti, mawe yenye kobalti, kabla ya malori kupakiwa, kwa kuwa kobalti ya Katanga mara nyingine huja na urani kidogo ndani. Unaanza na hewa tupu: kaunta ya Geiger, kifaa cha kupima unururifu, mezani kwa dakika 10, jumla unaigawa kwa 10. Siku kavu tulipata mapigo 42 kwa dakika. Kisha gunia, pande zote nne, kichwa cha kaunta kikae sentimita 2 bila kugusa. Ukigusa, vumbi linanata kwenye kidirisha chembamba cha maika kinachopitisha miale, na hadi jioni unapima uchafu wako mwenyewe.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikaja na radi ikapiga mlingoti wa taa getini. Umeme ukakatika. Kaunta ilikuwa ya betri, ikaendelea, nayo ikapanda mbali na magunia, kwenye hewa tupu: 47, 53, 58.

Sentineli, yaani mlinzi, mzee mmoja aliyewahi kuishi Likasi, jirani na mgodi ule, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. "Nilikuambia, mwana yangu. Hii mawe inaita radi." Nami, kijana mwenye cheti, nikaandika kwenye daftari: *radi, kipimo kimepanda*. Lota nzima ya magunia ikazuiwa siku nne kwa mstari huo.

Lakini 58 ile ilinikera. Nikachukua karatasi ya chooni, nikaikunja mara nne, nikatoka mvuani nikafuta kapo la gari, yaani boneti, kama mita moja ya mraba. Ikarudi nyeusi, inachuruzika. Nikaikamua, kwa sababu maji huzuia miale ya alfa yote na kula sehemu ya miale ya beta, nikaibana chini ya kidirisha. Kaunta ikaunguruma kama mafuta yanayokaangia dagaa: 310. Mzee akarudi nyuma hatua mbili. Tukakaa kwenye mwanga wa tochi tukiitazama. Baada ya nusu saa, 178. Saa moja, 109. Saa mbili, 58. Hakuna aliyesema neno. Juu ya mabati mvua ilikuwa imebaki manyunyu.

Gunia la urani halishuki hivyo. Kinachopungua nusu kila kama dakika 30, ukitoa zile 42 za hewa tupu, ni watoto wa radoni. Urani iliyo ardhini, hata udongo wa kawaida unayo, huzaa radiamu, metali yenye unururifu isiyohusiana na radi ya mawinguni, nayo huzaa gesi ya radoni-222 inayopenya kwenye nyufa na kutoka. Nusu yake huisha kwa siku 3.8. Inaacha metali za risasi-214 na bismathi-214, zinazojibandika kwenye vumbi la angani. Mvua inazifagia, inazitua kwenye mabati, kwenye kapo, kwenye kichwa chako. Radi na kipimo viliketi gari moja tu, dereva alikuwa mvua.

Je, ardhi yenye urani haina mkono wowote katika radi? Inao, mdogo. Alfa moja ya radoni huzalisha jozi zaidi ya 150,000 za ayoni, chembe zenye chaji ya umeme, hewani, na karibu na ardhi kazi hiyo hufanywa zaidi na unururifu wa udongo kuliko miale itokayo anga za mbali. Hewa inapitisha umeme kidogo zaidi. Ila radi huzaliwa kilomita kadhaa juu, barafu zinapogongana ndani ya wingu, na ncha yake ikishuka inachagua shabaha kwenye makumi ya mita za mwisho. Hapo ncha ya mlingoti au ya mwembe inatoa ayoni kwa wingi kuliko udongo. Ulaya walishajaribu njia ya mkato: mwanasayansi Béla Szilard alipendekeza mwaka 1914 kuweka radiamu kwenye fimbo ya kukinga radi. Ziliuzwa kwa miaka mingi bila kuonyesha kwamba zinashinda fimbo ya kawaida, na Ufaransa ilikataza kuzitengeneza kuanzia 1987.

Tena angalia ramani. Shinkolobwe ilikuwa na mawe yenye urani nyingi kuliko karibu kila mahali duniani, lakini kwa hesabu za setilaiti inayoongoza Afrika kwa radi ni Kabare, huko Kivu karibu na Bukavu, mbali na Katanga: radi kama 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Kule kuna milima na unyevu wa bonde la Kongo.

Hata hivyo mzee hakuwa ameota. Vilima vya shaba vya kwetu vina upara, shaba inaua miti. Mchimbaji akisimama juu na mtalimbo wake mvua ikija, ndiye mti.

Kaunta iliporudi karibu na 42 mzee aliuliza, "Sasa ile kitu imeenda wapi?" Nikasema imekwisha. Si kweli. Imegeuka risasi-210, ambayo nusu yake huchukua miaka 22, na kaunta yetu haikuweza kuiona. Karatasi bado ninayo, kati ya kurasa za daftari. Mwanangu ameiomba aipeleke shuleni na sijamjibu.