Vuta, Usisukume

Juzi mvua iliuangusha ule mjakaranda wa kona, na vijana wa msumeno wa injini wakaukatakata, barabara ikawa wazi kabla chai haijapoa. Nilipita hapo viatu vikajaa vumbi la mbao, laini, jeupe. Nikalitazama, nikasema moyoni: Mjomba angelidharau vumbi hili.

Mwaka 2019 alikuwa bado anaishi kwetu Dagoretti. Alikuja hivi: serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma tangu Februari 2018, kiwanda alichokuwa akipasulia mbao huko Elburgon kikafungwa, naye akashuka Nairobi na begi moja na tupa zake zimeviringwa kwenye kitambaa. Siku moja tulikuwa soko la Gikomba tukitafuta mabati. Kwenye rundo la vyuma chakavu akaona meno yamechomoza. Hakusema kitu. Alivuta, ukatoka msumeno wa watu wawili, mrefu kunizidi, mwekundu kwa kutu, vipini vyote vimeoza. Tuliuziwa kwa kilo kama chuma kingine chochote. Tungechelewa kidogo, ungekuwa umeshafuliwa mapanga.

Kijana mmoja, fundi wa jua kali, alijitolea kuupiga grinda. Mjomba akauwekea mkono juu.

"Hapana, kijana wangu. Huu mgongoni ni mwembamba kuliko kwenye meno, ndiyo maana haukwami ndani ya gogo. Grinda itakula unene wake, na ule moto utaharibu chuma."

Basi tukausugua kwa mkono, kwa mafuta ya taa na jiwe, jioni baada ya jioni, mpaka katikati ya bapa yakajitokeza maandishi hafifu: Sheffield, ule mji wa Uingereza uliosifika kwa vyuma vya kukatia. Mimi nilifurahi sana. Mjomba alikuwa anatazama meno, yaliyokuwa yamenolewa ovyo. "Aliyeutengeneza alijua kazi," alisema. "Aliyeutumia mwisho hakujua."

Vipini tulichongesha hapo hapo Gikomba. Kazi ilikuwa meno.

Aliubana msumeno katikati ya mbao mbili, meno juu, akapitisha tupa bapa kutoka mwisho hadi mwisho ili ncha zote ziwe sawa. Meno hayo si ya aina moja: manne yanakata, kisha linafuata moja lenye ncha mbili ambalo kazi yake ni kuzoa kilichokatwa. Hilo la kuzoa sharti liwe fupi kidogo kuliko wenzake, na hicho kidogo ndicho kila kitu. Alilaza rula ya chuma juu ya ncha, akapenyeza vipande vya karatasi chini yake mpaka vikabana juu ya lile jino. "Tunakata saiprasi, mti laini, acha lishuke zaidi. Ungekuwa mti mgumu, ningepunguza karatasi."

Kisha akanoa. Tupa ilipita mara mbili, tatu, akasimama, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimemshikia tochi ya simu. Jino butu huonyesha mng'aro mweupe, mwembamba, pale kwenye ncha; likishakuwa kali, mng'aro unapotea, kwa sababu hakuna tena uso wa kurudisha mwanga. Mwanzoni sikuona chochote. Baadaye nikaanza kuuona, nikawa namwonyesha: hili bado, Mjomba, na hili. Akawa ananitii. Sijui kama nimewahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.

Alipomaliza kuyapinda meno, moja kushoto moja kulia, tukaenda kuujaribu kwenye gogo la saiprasi. "Wewe vuta tu," aliniambia. "Ukisukuma, bapa linapinda. Zamu yangu ikifika, legeza mikono, uniachie." Tukavuta. Hazikutoka punje za vumbi. Zilitoka nyuzi ndefu zilizojikunja, zikiangukia miguu yetu kwa harufu ile kali ya saiprasi mbichi. Akaokota mmoja, akaunyoosha: ulipita kiganja chake. Hata wenye mikokoteni walisimama kutazama.

Mimi ni mtu wa kupanda miti, mnanijua, na kuupenda msumeno ule kulinisumbua. Jioni nilimuuliza kuhusu mitarakwa aliyoiangusha kule msitu wa Mau. Akafikiri. "Huu unachosha," alisema. "Mtu akichoka anakwenda nyumbani, mti wa pili unabaki." Neno hilo lilinituliza kwa muda. Kisha nikakumbuka reli: magari moshi ya mwanzo hapa yaliendeshwa kwa kuni, na mikaratusi ya msitu wa Karura ilipandwa ili kuyalisha. Miti mingapi ilishushwa kwa shoka na misumeno ya namna hii kabla injini hazijafika msituni? Nilimwambia. Hakukubali wala hakukataa.

Marufuku ilipoondolewa mwaka 2023 Mjomba alirudi Elburgon, msumeno akaniachia. Dada yangu anataka niupake vanishi, niutundike sebuleni. Mjomba hataki kusikia; anasema nimtafutie mti uliokauka, aje tuukate. Huo nimeukubali. Kuhusu mti mbichi bado tunabishana kwa simu.