Nzi tisa wa chupa ya nne

Jike wa kwanza mwenye macho meupe nilimwona kwenye chupa ya nne, siku ya 12 tangu niwapandishe wazazi wake. Hakupaswa kuwepo.

Ulikuwa mradi wangu wa mwaka wa tatu wa shahada ya biolojia: kurudia kwa mikono yangu kazi ya nzi wa matunda iliyoanza mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan alipokuta dume mmoja mwenye macho meupe katika kundi la macho mekundu. Jeni ya rangi hiyo imo kwenye kromosomu X; jike ana X mbili, dume ana X moja na Y moja. Ukiwapandisha majike wa macho meupe na madume wa macho mekundu, kila binti hupata X ya baba iliyo na jeni nzima, naye huwa na macho mekundu. Mwana wa kiume hana X nyingine zaidi ya ile ya mama, kwa hiyo macho yake huwa meupe. Ndiyo hesabu nzima, na binti wa macho meupe hana pa kutokea.

Nilimgeuza kwa brashi chini ya hadubini nikidhani nimekosea jinsia. Ncha ya tumbo ilikuwa imechongoka, si butu na nyeusi kama ya dume. Nikatazama miguu ya mbele. Dume huwa na safu fupi ya nywele nene nyeusi zilizosimama kama meno ya kitana, na hiyo ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote, kwa sababu rangi ya tumbo hudanganya nzi akiwa bado mchanga. Huyu hakuwa nayo. Nilipomaliza chupa nilikuwa na mabinti 41 wa macho mekundu, mabinti 9 wa macho meupe, na wana wa kiume 47. Chupa nyingine nne zilitoka sawasawa kama ilivyotarajiwa.

Nakiri moyo ulinienda mbio. Nilikuwa nimesoma habari za Calvin Bridges, ambaye mwaka 1916 alionyesha kuwa mara chache sana kromosomu X mbili za mama hushindwa kuachana yai linapoundwa. Yai lenye X zote mbili likikutana na mbegu yenye Y, hutoka jike wa XXY (kwa nzi, X mbili hufanya jike hata Y ikiwepo) mwenye macho ya mama yake. Kwa ushahidi huo alithibitisha kwamba jeni zimebebwa na kromosomu. Na mimi nilikuwa na tisa wa namna hiyo mbele yangu, nikaenda kumwambia mwalimu wangu msimamizi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: "Wana wa kiume wenye macho mekundu ni wangapi?"

Nilirudi nikawahesabu upya wote 47. Hakukuwa na hata mmoja.

Swali lilikuwa limegusa penyewe. X zikishindwa kuachana, kunatokea pia mayai yasiyo na X hata moja. Yai kama hilo likipata X ya baba, hutoka dume tasa mwenye macho mekundu. Mabinti wa macho meupe na madume wa macho mekundu ni pande mbili za kosa lilelile, kwa hiyo huwezi kuwa na tisa wa upande mmoja na sifuri wa upande wa pili. Tena kosa hilo hutokea kwa nzi mmoja kati ya maelfu, na mimi nilikuwa na 9 kati ya 97. Hata kama mama mmoja angekuwa mwenyewe XXY, jambo linaloongeza makosa hayo, bado madume wa macho mekundu wangeonekana. Maelezo yaliyobaki yalikuwa mepesi: kati ya majike wanne niliowatia katika chupa ile, angalau mmoja hakuwa bikira. Alikwisha kupandwa na ndugu yake wa macho meupe, na jike wa nzi huhifadhi mbegu za kiume mwilini na kuzitumia kwa siku nyingi.

Kwa joto la nyuzi 25, jike aliyetoka kwenye pupa, yaani ganda ambamo buu hugeuka nzi mzima, hakubali dume kwa takribani saa 8. Ndiyo maana unamwaga nzi wote wazima asubuhi, ukarudi baada ya saa 4 hadi 6, ukakusanya majike waliotoka katikati. Ukitaka kuacha usiku kucha, chupa ihamie nyuzi 18, ambako ukuaji huenda polepole na muda huo hufika kama saa 16. Na kumwaga kuwe kumwaga kweli: dume mmoja aliyejificha kwenye kizibo cha pamba au aliyezama pembezoni mwa chakula anatosha kuharibu kazi ya wiki mbili.

Ni kitu gani hasa kilinipita? Daftari la maabara halikusema, kwa kuwa nilikuwa nimeandika tarehe bila saa. Jibu lilikuwa kwenye daftari langu la michoro. Napenda kuchora, na asubuhi ile, kabla ya kuwagawa nzi, nilikuwa nimechora majike wawili. Wa kwanza alikuwa mweupe wa mwili, mabawa bado yamekunjamana kidogo, na tumboni doa jeusi linaloonekana kupitia ngozi. Ni mabaki ya mlo wake wa mwisho akiwa buu, na hutoweka saa chache tu baada ya kutoka. Wa pili alikuwa ameshakauka, mabawa yamenyooka, doa hakuna. Chini nilikuwa nimeandika: saa 2 asubuhi. Chupa nilikuwa nimeimwaga saa 12 jioni, na kabati la nyuzi 18 lilikuwa limejaa, nikaiacha kwenye 25. Saa 14! Nilikuwa nimemchora yule wa pili kwa uangalifu wote, kisha nikamtia pamoja na wenzake.

Nilianza upya tangu chakula. Kwa lita 1 ya maji: agari (unga wa kugandisha) gramu 8, unga wa mahindi gramu 70, sukari gramu 80, hamira kavu gramu 15. Asidi ya propioniki ya kuzuia ukungu, mililita 5, huingia mchanganyiko ukishapoa chini ya nyuzi 60, la sivyo huvukiza ikaisha. Chupa hufunikwa kwa kitambaa usiku mmoja kabla ya kuzibwa, kwani matone ya mvuke ukutani hunasa mabawa.

Safari hii majike 20 niliwagawa wanne wanne, wakakaa siku nne bila dume. Jike bikira hutaga, lakini mayai yake hayaangui. Siku ya nne niliinua kila chupa kwenye mwanga. Tatu za kwanza zilikuwa na chakula laini kama kilivyomiminwa, na ya tano vilevile. Kwenye ya nne uso wa chakula ulikuwa umechimbwa vijia vyembamba, na ndani yake mabuu wadogo wakipitapita. Nikaitupa yote, majike na chakula, nikatia madume kwenye nne zilizobaki.

Mabinti 203, wote macho mekundu. Wana wa kiume 196, wote meupe.