Lanchester kwa kamba ya fundi

Yaya mmoja, yaani mkubwa wetu chuoni wa promosheni ya juu, alinishauri nisiguse hesabu ya vita ya Lanchester kabla sijamaliza milinganyo tofautishi yote (hesabu za kasi ya mabadiliko), tena ninunue programu ya kompyuta. Shauri la mwenye pesa! Mimi nilikuwa na daftari, kalkuleta na vizibo vya bia vya kuokota huku Katuba, Lubumbashi. Gharama labda faranga elfu tatu, na nyingi ziliishia kwenye vitumbua.

Lanchester, mhandisi Mwingereza, aliandika mwaka 1914 kwamba kila upande hupoteza watu kwa kasi inayolingana na idadi ya wanaoulenga. Silaha zikiwa sawa, toa kipeo cha pili cha wachache kwenye kipeo cha pili cha wengi. Kipeuo cha pili cha kinachobaki ndio walionusurika.

Nikapanga vizibo vyekundu 100 na vya buluu 60. Kila raundi, upande unapunguziwa sehemu ya kumi ya idadi ya mwenzake. Buluu wakaisha raundi ya saba, wekundu wakabaki 77, wakati kanuni inadai 80. Yaya alicheka mpaka machozi. Usiku, umeme umekatika, nikarudia daftarini kwa sehemu ya mia: 79 na ushei. Hatua ikiwa kubwa, anayekufa mwanzoni mwa raundi anahesabiwa kufyatua mpaka mwisho wake, basi!

Raha yenyewe aliileta jirani, fundi wa kujenga. Kuona 60, 80, 100 akasema, “Mdogo wangu, si hii pembe ya msingi wa nyumba?” Kamba ya 3-4-5, ile ya kupatia pembe mraba! Tangu hapo nachora pembe mraba, mkono mmoja sentimita 6 za jeshi dogo, naegemeza rula ya 10 za jeshi kubwa kutoka ncha yake hadi iguse mkono wa pili, nasoma 8 kwenye mkono huo: walionusurika. Sikokotoi kitu. Tena watu 140 wakija kwa zamu, 60 kisha 80, mbele ya 100 walio pamoja, wote wanamalizana.

Lakini ili kanuni ishike, lazima kila mtu aweze kumlenga adui yeyote. Kwa mikuki, mmoja kwa mmoja, 100 kwa 60 wanabaki 40 tu. Woga, njaa na milima havimo, kwa hiyo anayetaka kutabiri vita vya mashariki ya Kongo yetu kwa vizibo, mimi simo.

Siku ya kuwasilisha kazi darasani nilitoa mpango wa Nelson, amirali Mwingereza, kabla ya vita vya baharini vya Trafalgar, ambao Lanchester mwenyewe aliuchambua: meli zake 40 kwa 46 za adui. Zikipambana zote pamoja, kwa vipeo vya pili ni 1600 kwa 2116. Safu ya adui ikikatwa 23 na 23, meli 32 zikavamia kipande kimoja na 8 zikazuia kingine, inakuwa 1088 kwa 1058. Asistenti alikokotoa upya ubaoni, akanyamaza. Yaya akaniomba daftari. Nikamwacha akatoe fotokopi, kwa pesa yake.