Jinsi Nilivyochagua Programu ya Kufungulia Michezo ya DOS

Michezo ya zamani ya kompyuta, nikimaanisha ile iliyoandikwa kwa ajili ya DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa kuandika amri, kabla Windows haijatawala, haifunguki yenyewe kwenye kompyuta za siku hizi, na anayetaka kuicheza hana budi kupitia emuleta, yaani programu inayoigiza kompyuta ya enzi hizo pamoja na kadi yake ya sauti. Emuleta inayotumiwa zaidi kwa kazi hiyo ni DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Hiyo nilikuwa nayo tayari na sikuwa na neno nayo. Lakini ukiifungua, inakuonyesha dirisha jeusi lenye herufi Z na alama inayopepesa, ikingoja uandike amri ya kuunganisha folda, amri ya kuingia ndani yake, kisha jina la mchezo. Mimi amri hizo nimezizoea. Wapwa zangu, wanaopita nyumbani kwangu Langoni wakitoka chuoni jioni, hawajawahi kuziona. “Mjomba, hii yataka nini?” ndilo lililokuwa swali la kila jioni, na ndilo lililonifanya nitafute programu ya kuipanga michezo yote mahali pamoja na kuifungua kwa kubofya jina tu.

Kompyuta yenyewe ni laptopu iliyotumika, yenye Windows 10 na kumbukumbu ya gigabaiti 4, iliyonunuliwa Mombasa na kufika Lamu kwa basi hadi Mokowe kisha kwa boti. Betri yake imekufa, kwa hiyo stima ikikatika nayo huzimika papo hapo. Intaneti naipata kwa simu, na data nainunua kwa kiasi. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyoamua uchaguzi wangu kuliko sifa zozote nilizozisoma.

Ya kwanza kuijaribu ilikuwa LaunchBox, na nakiri kwamba kwa uzuri sikuona mfano wake. Huleta picha za majalada na maelezo ya kila mchezo kutoka kwenye hifadhidata yake ya mtandaoni, ikayapanga kama rafu ya maktaba. Toleo la kawaida ni la bure, ila ule mwonekano wa skrini nzima uitwao Big Box unahitaji leseni ya kulipia. Mwenye kompyuta yenye nguvu na intaneti isiyopimwa hana sababu ya kuendelea kutafuta. Mimi sikuwa na kimoja wala kingine, na picha ya jalada la mchezo wa mwaka 1990 si kitu cha kukitolea data ya wiki nzima.

RetroArch niliipima kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu wazo lake ni zuri mno: programu moja inayobeba emuleta nyingi ndani yake, kila moja ikiwa kama sehemu ya kuchomeka na kuchomoa. Ile ya DOS iitwayo DOSBox Pure hufungua mchezo ukiwa bado ndani ya faili la zip, ikakuorodheshea programu zilizomo ili uchague, na chochote kinachoandikwa wakati wa kucheza huwekwa katika faili jingine, hivyo ile nakala ya asili haiguswi. Kwa nyumba yenye watoto hilo ni jambo kubwa. Kilichonirudisha nyuma ni kibodi. RetroArch imeundwa hasa kwa anayeshika padi ya kuchezea, na vitufe vingi vya kibodi vimekwisha kupewa kazi za programu yenyewe, mpaka ubonyeze Scroll Lock ili kibodi yote iuelekee mchezo. Laptopu yangu haina kitufe hicho. Naam, mtu anaweza kukibadilisha katika mipangilio, lakini menyu zake ni ndefu, na mtoto akibonyeza pasipostahili, hajui ametokea wapi.

Nikaishia kwenye D-Fend Reloaded. Ni ya Windows tu, ni ya bure, sura yake ni ya kizamani na haijapata toleo jipya kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, huja na DOSBox 0.74 ndani yake, huweza kusakinishwa kwenye flashi ikabebeka, na haihitaji intaneti kabisa. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kila mchezo una wasifu wake, yaani mipangilio yake peke yake, na wasifu huo ni faili la maandishi ya kawaida unaloweza kulifungua na kulisoma. Stima ikikatika, kuna nakala ya folda nzima kwenye flashi, na kuirudisha ni kunakili tu. Siku nikiamua kuhamia programu nyingine, mipangilio yangu yote nitaisoma kwa macho yangu.

Umuhimu wa wasifu wa kila mchezo unaonekana pale michezo inapodai kasi tofauti. DOSBox hupima kasi kwa “cycles”, yaani idadi ya maagizo yanayotekelezwa kwa kila milisekunde. Sehemu ya kwanza ya Commander Keen, iliyotoka 1990, hutosheka na 3000. Ukiipa Doom ya 1993 kiasi hicho, inajikokota, kwa hiyo wasifu wake nimeuandikia “max”, yaani kasi yote inayowezekana. Wakati mchezo unaendelea, Ctrl na F12 huongeza kasi, Ctrl na F11 huipunguza. Ukishapata kiasi kinachofaa, unakiandika kwenye wasifu na hukigusi tena. Sauti nayo ina yake. Programu ya SETUP inayokuja na Doom huuliza anwani ya kadi ya sauti, IRQ na DMA, yaani namba ambazo kadi hiyo huzitumia kuwasiliana na kompyuta, na majibu yanayolingana na mipangilio ya kawaida ya DOSBox ni 220, 7 na 1. Niliwasha pia kipengele cha “aspect”, kwa kuwa michezo mingi ya wakati huo ilichorwa kwa nukta 320 kwa 200 ili ijaze skrini ya 4 kwa 3, na bila hicho watu wote huonekana wamebonyea.

Kuhusu michezo yenyewe, nimeweka ile inayoruhusiwa kusambazwa: sehemu za kwanza za Keen na Doom, zilizotolewa bure na wenyewe tangu mwanzo, Tyrian, iliyoachiwa bure mwaka 2004, na Beneath a Steel Sky, iliyoachiwa 2003. Huo wa mwisho mimi huufungua kwa ScummVM, programu nyingine ya kuendeshea michezo ya zamani, badala ya DOSBox, na D-Fend Reloaded hukubali wasifu wa aina hiyo katika orodha ile ile, hivyo wapwa zangu hawaoni tofauti yoyote.

Jirani yangu anayetumia Linux hakuweza kunifuata, nikamwelekeza kwenye DBGL, programu ya kazi hiyo hiyo iliyoandikwa kwa Java, lugha ya programu isiyofungwa na mfumo mmoja, na kwa hiyo hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Nayo humpa kila mchezo wasifu wake wa DOSBox, na zile namba za cycles na sauti alizichukua kwangu kama zilivyo.