Ukumbi wa VIP unaanzia kwenye lifti ya mizigo

Ukumbi wa VIP wa kiwanja cha ndege hauchorwi kuanzia mlangoni anapoingilia mgeni. Unachorwa kuanzia kwenye lifti ya mizigo, kule nyuma ambako matoroli ya chakula hupishana na mifuko ya taka. Hilo nalisema kwa kusimamia usanifu na ujenzi wa ukumbi mmoja ndani ya jengo la abiria ambalo halikufungwa hata siku moja tukiwa kazini. Mkataba hauniruhusu kukitaja kiwanja. Itoshe kwamba kipo kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, na kwamba chini ya sakafu tuliyokuwa tukiitoboa mizigo ya abiria iliendelea kuzunguka kwenye mikanda.

Mteja alikuwa na ukumbi wa zamani, mdogo, na alipewa nafasi ya maduka mawili ya jirani yaliyokuwa yamehamishwa. Alitaka ukumbi upanuke, uwe wa hadhi ya juu kabisa, na wageni wake waendelee kupokelewa muda wote wa ujenzi. Kikao cha kwanza alikuja na picha za Doha na Dubai: kuta za marumaru toka chini hadi juu, kaunta ya jiwe moja zima, bwawa la maji katikati. Picha zilikuwa nzuri kweli. Ila kiwanja cha Hamad cha Doha, kilichofunguliwa mwaka 2014, kilijengwa kipya, sehemu kubwa juu ya ardhi iliyofukiwa baharini, na wajenzi wake hawakuwa na abiria wa kuwapisha. Sisi tulikuwa tunaingia kwenye nyumba yenye watu.

Kwa hiyo kabla sijachora mstari wowote, nilichukua futi kamba na msimamizi wangu wa mafundi tukaitembea njia ya mzigo yote: geti la kupokelea, chumba cha ukaguzi, korido, lifti, kona mbili, hadi sehemu ya kazi. Kila mlango tuliupima, kila kona tuliipitishia fremu nyepesi ya mbao yenye ukubwa wa kipande tulichotaka kukileta. Penye kubana kuliko pote palikuwa mlango wa lifti. Hapo ndipo sheria ya mradi ilipotoka, nikaibandika ukutani ofisini: hakiletwi kipande kisichoingia kwenye lifti, wala kinachohitaji watu zaidi ya wanne kukibeba. Mbunifu wa ndani alilalamika kwa muda. Baadaye sheria hiyohiyo ilimpa mtindo wa ukumbi, kwa sababu alianza kuzichora fito nyembamba za shaba kwenye kila kiungo cha ukuta, na viungo ambavyo angevificha vikawa ndiyo pambo.

Jiwe lilituchukulia mijadala mirefu. Graniti ya unene wa milimita 20 ina uzito wa takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba, bila gundi wala fremu. Sakafu za kumbi za umma kwa kawaida huchorwa kubeba kama kilo 500 kwa mita ya mraba, na humo kuna watu, viti, mizigo ya mkononi na kila utakachokiongeza. Ukipanga kuta na kaunta za jiwe zima juu ya sakafu ya ghorofa uliyoikuta, mhandisi wa miundo atakurudisha mezani, na ana haki. Tulitumia jiwe lililochanwa jembamba mno na kugundishwa kwenye bamba la alumini lenye vitundu kama sega la nyuki. Mteja hakuamini. Hofu yake ilikuwa kwamba likigongwa litalia tupu na wageni watajua. Tukamtengenezea kipande cha kaunta, akakigonga kwa pete yake, kwanza katikati, kisha ukingoni. Katikati alinyamaza. Ukingoni akasema, "Hapa ndipo mkono wa mtu unapokaa, hapa nataka jiwe." Alikuwa sahihi. Ukingo wote tukauweka jiwe zima, kwa vipande vifupi, na sehemu nyingine ikabaki nyepesi.

Sasa suala la saa. Mtu asiyejua viwanja vyetu atakwambia kazi za kelele zifanyike usiku. Ulaya huenda ikawa hivyo, maana viwanja vyao vingi hupunguza ndege usiku. Huku kwetu ndege nyingi za kwenda Ulaya na Istanbul huondoka usiku, kwa hiyo saa nne usiku, wakati mji unaenda kulala, ukumbi ndiyo unajaa. Niliomba ratiba ya ndege nikaichora kwenye karatasi moja na idadi ya wageni wa kila saa. Utulivu ulikuwa kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Huko ndiko nilikopeleka drili zote, nyundo zote na ubomoaji wote. Usiku tulibakiza kupaka rangi kwa brashi, kufunga nyaya, na kuingiza vifaa kwa matoroli yenye magurudumu ya mpira.

Na ratiba hiyo haikai. Mashirika ya ndege hubadilisha ratiba mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ulaya nao husogeza saa zao siku hizohizo. Sisi hatusogezi kitu, lakini ndege zao zikisogea, saa zetu za utulivu zinasogea nazo. Mpango wa kazi wa Septemba hauwezi kutumika Novemba. Niliugawa mradi mzima kwa misimu hiyo, si kwa miezi, na mkandarasi alipoona sababu yake hakubisha.

Upande wa ulinzi sitaueleza sana, isipokuwa jambo moja. Ukiwa ndani ya eneo lililokwisha kukaguliwa, bisibisi ni kitu cha hatari na kisu cha kukatia jipsamu ni silaha. Kila kifaa kinaingia kwa orodha na kutoka kwa orodha. Tulipiga ubao mkubwa, tukachora umbo la kila kifaa kwa rangi nyekundu, na kila zamu ilipoisha hakuna aliyevua kofia yake mpaka nyekundu yote ifunikwe. Inachosha. Lakini kisu kimoja kikisahaulika juu ya dari, wanaoweza kusimamishwa ni abiria wa jengo zima, waanze kukaguliwa upya, na ndege zichelewe kwa ajili yetu.

Vumbi ndilo lililonifunza heshima ya watu ambao hawamo kwenye michoro. Ukuta wetu wa muda ulikuwa wa jipsamu pande mbili, pamba ya mawe katikati, mlango wenye kujifunga wenyewe, na feni zilizokuwa zikivuta hewa kutoka ndani ya eneo la kazi na kuichuja, ili hewa iwe inaingia kwetu badala ya kutoka. Kwenye karatasi, vumbi halitoki. Aliyekuwa akituambia ukweli ni mama msimamizi wa usafi wa jengo. Kila asubuhi alikuwa akipita na kitambaa cheupe kwenye viti vya abiria vilivyo karibu na ukuta wetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo uone, leo mmenivuka mpaka."

Kitambaa kilikuwa na mstari wa kijivu. Tukafuata mstari ule kiti kwa kiti hadi tukafika pale ambapo ukuta wa muda unakutana na dari: tepu ilikuwa imeachia kwa unyevu wa bahari. Vipimo vya mashine visingetuonyesha hilo upesi namna ile. Tangu siku hiyo nilimweka kwenye kikao cha asubuhi, akae mezani pamoja na mkandarasi na watu wa zimamoto, na neno lake ndilo lililoamua kama tunaendelea kukata au tunasimama kuziba kwanza.

Vumbi lina ubaya mwingine. Vihisi moshi havitofautishi vumbi la zege na moshi. Kihisi kimoja kikidanganyika, kengele inalia jengo zima, watu wanatolewa nje. Kwa hiyo tulikuwa tukivifunika vile vya eneo letu kwa kibali, mtu wa zimamoto akiwepo muda wote kihisi kikiwa kimefunikwa, na kabla hajaondoka alikuwa akivifunua mwenyewe, anavihesabu na kusaini. Hakuna kihisi kilichobaki kimefunikwa bila mtu chini yake.

Wapo waliosema nimezidisha ukali kwenye moto. Mimi hujibu kwa viwanja viwili. Agosti 7, 2013, alfajiri, moto uliteketeza ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nje katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, na kwa muda abiria wakahudumiwa kwenye mahema. Na Aprili 11, 1996, kiwanja cha Düsseldorf, Ujerumani, mafundi walikuwa wakichomelea kwenye barabara inayopita juu ya jengo la abiria. Cheche zikashuka kwenye povu la kuzuia joto lililokuwa juu ya dari, moto ukatembea mle bila kuonekana, na watu 17 wakafa. Wengine walikutwa kwenye lifti. Wengine walikutwa ndani ya ukumbi wa VIP, ghorofani, moshi ukiwa umewazibia njia.

Sikuweza kuchora ukumbi wa VIP nikiwa nalijua hilo kisha nikaridhika na mlango mmoja mzuri. Ukumbi wetu una njia mbili za kutokea, pande mbili tofauti kabisa, na ya pili imemlia mteja nafasi ya viti ambavyo angeviuza. Alibisha, nikamsimulia Düsseldorf, akakubali. Kuchomelea ndani tulikupiga marufuku moja kwa moja: fremu zote za chuma zilichomelewa karakana, ndani zikafungwa kwa bolti, na mabomba ya shaba yakaunganishwa kwa viungo vya kubana kwa mashine badala ya moto. Sofa zote zilitakiwa kuja na vyeti vya sponji kuhimili moto, na zisizokuwa na cheti zilirudi zilikotoka, hata kama kitambaa chake kilikuwa kizuri namna gani.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote mle ndani ni mlango wa nakshi. Pendekezo la kwanza lilikuwa nakshi za kumiminwa kwa plastiki, nyepesi, rahisi kusafisha. Nilikataa. Nikaenda Unguja kwa fundi mzee anayechonga msaji na mvule, nikamweleza habari za lifti yangu kwa aibu kidogo, maana niliona namwomba aukatekate mlango.

"Mlango umezaliwa vipande, mwanangu," aliniambia. "Anayeuona mmoja ni mpita njia."

Akanionyesha: miimo miwili, kizingiti cha juu, mbao mbili, mfaa wa katikati, vyote vimeshikana kwa ulimi na tundu. Mlango ule ulipanda lifti kipande baada ya kipande, ukasimamishwa asubuhi moja bila msumari hata mmoja kwenye nakshi. Nakshi zake ni yungiyungi chini na mnyororo ukizunguka pembeni. Haufungwi kamwe. Mlango wa kuzuia moto umefichwa ukutani nyuma yake, umeshikiliwa na sumaku. Kengele ikilia sumaku inaachia na mlango unajifunga wenyewe.

Chumba cha sala kilikuja kirahisi kuliko nilivyotazamia. Katika ukanda wetu wa pwani kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, na jengo lilikuwa limekaa hivyo hivyo, kwa hiyo safu za waumini zikalingana na ukuta. Ugumu ulikuwa kwenye maji ya udhu na mabafu. Kila tundu la maji machafu ni tundu kwenye zege lililo juu ya mizigo ya watu. Tulipima zege kwa skana kutafuta nondo, tukapanga sehemu zote za maji zishikane na shimo la mabomba lililokuwepo, tukapandisha sakafu yake kidogo ili bomba lipate mteremko juu ya zege badala ya chini yake. Ramani ya kwanza ilikuwa na mabafu upande wenye mandhari ya uwanja wa ndege. Nilimwambia mteja kwamba mtu anayeoga hahitaji mandhari, anahitaji maji ya moto yasiyokatika, na upande ule tukaupa viti.

Jikoni hakuna gesi wala moto wa wazi, ni majiko ya umeme tu, na chakula kizito kinapikwa nje. Kinachokamilishwa ndani ni vitumbua, chai ya tangawizi na kahawa. Mpishi alitaka harufu ya iliki imfikie mgeni pale anapoingia, na hilo tulilipanga kwa njia za hewa kwa umakini uleule wa moshi.

Kabla ya kufunga dari nilimwita fundi mkuu wa matengenezo wa kiwanja, nikampa ngazi na orodha ya kila vali, kila pampu, kila boksi la nyaya, nikamwomba akiguse kila kimoja kwa mkono wake. Visivyofikika tuliviwekea vifuniko vipya, vingine katikati ya ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Msanifu mwenzangu aliumia kuona ukuta wake ukikatwa. Fundi mkuu alishuka ngazi, akafuta mikono, akauliza kama jiwe la akiba lipo. Lipo, stoo ya chini, vipande vya kila aina, na kila kimoja kinaingia kwenye lifti.